Maksai, Nguruwe, Kondoo au Mbuzi: Kumchagulia Mtoto Mnyama wa Mnada wa Kaunti Nchini Marekani

Katika kaunti nyingi za Marekani, maonyesho ya kilimo hufikia kilele siku ya mnada wa mifugo ya vijana. Mtoto aliyempokea mnyama akiwa mdogo, akamlisha, akamwogesha na kumfundisha kutembea mbele ya mwamuzi, humwingiza uwanjani yeye mwenyewe, huku mnadi akitaja bei kwa kasi na wafanyabiashara wa mji ule wakishindana kumnunua kwa fedha zinazoizidi sana bei ya soko. Wengi wa vijana hao ni wanachama wa 4-H, mpango unaosimamiwa na ofisi za ugani za vyuo vikuu vya majimbo na ambao kwa kawaida huruhusu miradi ya mifugo mikubwa kuanzia umri wa miaka 8 hivi. Wengine ni wanachama wa FFA, chama kilichoanzishwa Kansas City mwaka 1928 na kinachoendeshwa kupitia masomo ya kilimo shuleni.

Mzazi anayezungumza Kiswahili huko Iowa, Kentucky au Ohio, ambaye mtoto wake ameleta nyumbani fomu ya mradi kama huu, kwa kawaida huanza kwa kuuliza ni mnyama gani anunuliwe. Kwa maoni yangu hilo ni swali la pili. La kwanza ni aina ya mnada unaoendeshwa na kaunti yenu, kwa sababu mnyama yule yule anaweza kumletea mtoto furaha katika mnada mmoja na majonzi yasiyotarajiwa katika mwingine, na kanuni hizo hujulikana miezi mingi kabla ya mnyama kununuliwa.

Mnada wa kuchinja na mnada wa nyongeza

Katika mnada wa kuchinja, kila mnyama anayeingia uwanjani hupelekwa machinjioni baada ya maonyesho, na hakuna anayerudi nyumbani. Mnunuzi hulipa bei kamili, umiliki huhama papo hapo, na lori la kiwanda cha nyama huja kuwapakia wanyama, mara nyingi usiku ule ule au alfajiri yake. Katika mnada wa nyongeza, mnunuzi hulipa kiasi kinachozidi bei ya soko tu, kama zawadi kwa jitihada za mtoto. Mnyama mwenyewe huuzwa kiwandani kwa bei ya soko, au hurudi nyumbani iwapo kanuni zinaruhusu.

Tuchukue mfano wa hesabu. Nguruwe mwenye ratili 260, yaani kilo 118 hivi, ananadiwa kwa dola 4 kwa ratili, jumla dola 1,040. Tukiweka bei ya soko kuwa senti 65 kwa ratili, thamani yake halisi ni dola 169. Katika mnada wa kuchinja, mnunuzi hutoa dola 1,040 zote na anaweza kuichukua nyama. Katika mnada wa nyongeza, mnunuzi hutoa dola 871, naye mtoto hupata dola 169 kutoka kiwandani. Fedha anazozipata mtoto zinakaribiana. Linalotofautiana ni nani anaondoka na mnyama na ni nani mwenye haki ya kubadili nia.

Haki hiyo ya kubadili nia si jambo dogo. Mwaka 2022, katika maonyesho ya Shasta District Fair kaskazini mwa California, mbuzi aliyeitwa Cedar alinadiwa kwa dola 902. Msichana aliyemfuga alikuwa bado hajatimiza miaka 10, na alishindwa kuachana naye. Mama yake akamwondoa mbuzi huyo zizini kabla hajachukuliwa, kisha akaahidi kufidia hasara yoyote. Waandalizi wa maonyesho walishikilia kwamba kanuni za mnada wa kuchinja hazina mlango wa kurudi. Maofisa wa sherifu walisafiri mamia ya maili kumfuata mbuzi huyo hadi kaunti ya Sonoma, wakamchukua, naye akachinjwa. Sehemu ya maonyesho katika mauzo yale ilikuwa dola 63.14, yaani asilimia 7. Katika kesi iliyofuata, mwaka 2024 yalifikiwa makubaliano ya kuilipa familia dola 300,000.

Sioni faida ya kuyasoma masaibu hayo kama hadithi ya wabaya na wema. Nayasoma kama onyo kwamba sahihi ya mzazi kwenye fomu ya mwezi wa nne inafanya kazi mwezi wa saba, siku ambayo mtoto amekwisha kumpa mnyama jina na kulala naye zizini. Mnada wa kuchinja una sababu zake za msingi. Huzuia magonjwa yasisambae kutoka onyesho moja hadi jingine, na hurahisisha ufuatiliaji wa dawa zilizotumika. Kwa nguruwe hasa, kaunti nyingi hazikubali utaratibu mwingine wowote. Hata hivyo, kwa mtoto wa miaka 8 au 9 ambaye hajawahi kuona mnyama wa nyumbani akichinjwa, ningechagua kaunti au kundi la wanyama lenye mnada wa nyongeza kwa mwaka wa kwanza. Mtoto wa miaka 14 aliyekulia katika nyumba ambamo mbuzi wa Idi au wa Krismasi huchinjwa uani anaweza kuanza na mnada wa kuchinja bila shida, mradi ameambiwa ukweli tangu siku ya kwanza, tena kwa maneno ya wazi.

Maksai

Maksai ndiye mnyama wa heshima katika mnada, na ndiye anayegharimu zaidi kwa kila hali. Ndama hununuliwa katika majira ya kupukutika kwa majani akiwa na miezi 6 hadi 8 na uzito wa kilo 250 hadi 300, husajiliwa na kuvishwa hereni mapema kuliko wanyama wengine wote, kisha hunenepeshwa hadi afikie kilo 550 hadi 640. Kwa kuwa huhitaji kilo 6 hadi 8 za chakula ili kuongeza kilo 1 ya uzito, safari hiyo hula zaidi ya tani 2 za chakula cha kunenepesha na majani makavu. Juu ya hayo kuna bei ya ndama mwenyewe, ambayo imepanda sana: mwanzoni mwa mwaka 2025 ng'ombe wote wa Marekani walihesabiwa kuwa milioni 86.7, idadi ndogo kuliko zote tangu mwaka 1951.

Watu huvutiwa na habari kama ile ya Houston mwaka 2022, ambako maksai bingwa alinadiwa kwa dola milioni 1. Houston si mnada wa kaunti. Ni tamasha kubwa la mifugo na rodeo ambalo fedha zake huchangwa na matajiri wa jiji na kwa sehemu kubwa huelekezwa kwenye ufadhili wa masomo ya vijana wengi. Katika mnada wa kawaida wa kaunti, maksai anayepata bei nzuri bado anaweza kuacha hasara, kwa sababu bei yake kwa ratili huwa ya chini kuliko ya nguruwe au mwanakondoo, na kwa sababu ni wanunuzi wachache wanaoweza kubeba gharama ya mnyama wa ukubwa huo.

Lipo pia suala la usalama. Mnyama wa nusu tani aliyefungwa kamba ya kichwani anaweza kumburuta mtoto wa kilo 35, na kumfundisha kusimama kwa utulivu huchukua miezi ya kazi ya kila siku. Kwa familia isiyo na zizi, trela wala mtu mzima aliyezoea ng'ombe, simshauri mtu kuanza na maksai.

Nguruwe

Kwa hesabu pekee, nguruwe ndiye mnyama anayetabirika kuliko wote. Hununuliwa akiwa na wiki 8 hadi 10, hukaa nyumbani siku 100 hadi 120, huongeza karibu ratili 2 kwa siku, na huhitaji takriban kilo 3 za chakula kwa kila kilo anayoongeza. Kutoka kilo 25 hadi kilo 120, hiyo ni chini kidogo ya kilo 300 za chakula. Mtoto wa miaka 9 anaweza kumsimamia, kwa kuwa nguruwe havutwi kwa kamba bali huongozwa kwa fimbo nyembamba inayomgusa ubavuni au kando ya shingo. Wanunuzi nao ni wengi, kwani duka la pembejeo, benki ya mji na muuzaji wa magari wote wanaweza kumnunua nguruwe mmoja bila kusita.

Udhaifu wake ni joto na magonjwa. Nguruwe hatoki jasho la kutosha kumpoza, na mchana wa Julai unaweza kumuua mnyama mzito aliyekosa kivuli, maji na feni. Kuhusu magonjwa, mwaka 2012 zaidi ya watu 300 waliambukizwa aina ya mafua ya nguruwe iitwayo H3N2v, wengi wao watoto waliokuwa wamegusana na nguruwe kwenye maonyesho, hasa katika majimbo ya Indiana na Ohio. Tangu hapo, wataalamu hupendekeza nguruwe wasikae kwenye maonyesho zaidi ya saa 72, na kwamba watu wasile wala kunywa ndani ya mabanda yao. Nyumba yenye mtoto mchanga, mjamzito, mzee au mgonjwa wa pumu inapaswa kulipima jambo hili kabla ya kununua.

Tena, kwa familia nyingi zinazosoma Kiswahili, mjadala huu unaishia hapa. Waislamu hawatamfuga nguruwe, na vivyo hivyo Waadventista wengi kutoka Kisii, Kivu au Burundi. Hakuna sababu ya mtoto kuona haya kwa hilo mbele ya kiongozi wa klabu, kwa maana kanuni za 4-H hazimlazimishi mtu kuchagua aina fulani ya mnyama, na klabu iliyozoea nguruwe itapata wa kuwaongoza wenye kondoo ikiulizwa mapema.

Kondoo na mbuzi

Hapa ndipo ninapoona nafasi bora zaidi kwa familia inayoanza. Mwanakondoo wa kilo 30 hunenepeshwa hadi kilo 55 au 60 kwa miezi mitatu au minne, akila chakula kisichozidi sana kilo 170. Mbuzi hukua polepole zaidi na hufika uwanjani akiwa na kilo 30 hadi 45, lakini naye hula kidogo. Wote wawili hutosha nyuma ya gari dogo la mizigo lenye kizimba, kwa hiyo trela haihitajiki. Gharama iliyofichika ni kwamba hawapendi upweke. Mnyama mmoja peke yake hulia, hula vibaya na hukosa utulivu, kwa hiyo hesabu ianze na wawili. Kwa mbuzi, ongeza uzio imara wa mita 1.2 au zaidi, usio na tundu la kupitisha kichwa.

Wazazi wengi waliokua na mbuzi Tabora, Kitui au Uvira hudhani wanajua yote, na kwa kweli wanajua mengi: kumwona mnyama aliyeinamisha masikio, kuangalia rangi ya utando wa jicho ili kutambua minyoo, kumtenga anayeharisha. Kinachokuwa kigeni kwao ni ulishaji wa kunenepesha. Mbuzi wa kijijini hula majani ya porini siku nzima, ilhali mbuzi wa mnada hula nafaka nyingi, na dume aliyehasiwa akilishwa nafaka bila uwiano sahihi wa madini hupata mawe kwenye njia ya mkojo. Chakula chake kinapaswa kuwa na kalsiamu karibu mara mbili ya fosforasi, na vyakula vingi vya aina hiyo huongezwa kloridi ya amoniamu ili kuzuia mawe. Mtoto afundishwe dalili yake. Mnyama husimama miguu ikiwa imetanuka, hukunja mgongo, hujikamua huku mkia ukitikisika, na kinachotoka ni tone moja moja au hakuna kabisa. Akionekana hivyo asubuhi, daktari wa mifugo aitwe asubuhi hiyo hiyo, kwa sababu kibofu kinaweza kupasuka kabla ya kesho.

Kosa la pili hutokea dukani. Mfuko wa chakula cha nguruwe au cha ng'ombe huwa na shaba nyingi kuliko kondoo anavyoweza kuvumilia. Shaba hujikusanya katika ini bila dalili, kisha siku moja mnyama hukojoa mkojo mwekundu na kufa. Mbuzi huvumilia shaba zaidi, na hiyo ndiyo sababu wanaofuga wote wawili pamoja wanapaswa kununua chakula kilichoandikwa kuwa ni cha kondoo. Wote wawili hutakiwa kuwa na hereni rasmi za mpango wa serikali wa kudhibiti skrepi, ugonjwa wa ubongo unaoua kondoo na mbuzi, hivyo mnunue kwa mfugaji anayezitoa.

Uwanjani, mbuzi huongozwa kwa mnyororo mwembamba wa shingoni, na kazi ni kumzoeza kutembea akiinua kichwa. Kondoo ni mgumu zaidi kumwonyesha. Katika maonyesho mengi hana kamba yoyote. Mtoto humshika chini ya taya na nyuma ya kichwa, humwekea goti kifuani, na mwanakondoo husukuma mbele hadi misuli ya mgongo na mapaja ikaze, ndipo mwamuzi apitishe vidole juu ya kiuno kupima unene wa nyama. Mtoto mwembamba wa miaka 8 hushindwa kazi hiyo, hivyo kwa umri huo ningempa mbuzi.

Kwa upande wa wanunuzi, kondoo na mbuzi hutegemea sana mahali, kwa kuwa Wamarekani wengi hawana mazoea ya kula nyama ya mbuzi. Jamii zetu zina mazoea hayo. Familia tatu au nne za Kikongo, Kisomali au Kikenya zikichangia mbuzi mmoja mnadani hupata nyama wanayoijua na humtia moyo mtoto wa jirani. Wanaotaka nyama halali wapange mapema, kwa sababu lori la kiwanda halitoi uhakika huo. Waulize kama mnunuzi anaruhusiwa kuelekeza mnyama kwa mchinjaji wanayemwamini. Wakumbuke pia kwamba nyama iliyochinjwa bila ukaguzi wa serikali kwa ajili ya mwenye mnyama ni ya kaya yake na wageni wake wasiolipa, wala haiwezi kuuzwa mgahawani au dukani.

Kuku na sungura

Kuku watatu wa nyama huandaliwa kwa wiki 6 hadi 8 na sungura watatu kwa wiki 10 hivi. Hutosha katika nyumba yenye uwanja mdogo, ikiwa sheria za mji zinaruhusu. Hatari ya kuku ni homa ya ndege: mwaka 2015 Iowa na Minnesota zilipiga marufuku maonyesho ya ndege hai, na watoto waliokuwa na kuku tayari walikosa pa kuwapeleka. Kati ya hawa wawili ningechagua sungura.

Fedha, dawa na wanunuzi

Wizara ya Kilimo ya Marekani hutoa mkopo wa vijana wa hadi dola 10,000 kwa mwenye miaka 10 hadi 20 anayefanya mradi wa 4-H, FFA au kundi kama hayo, akiwa raia au mhamiaji mwenye hadhi inayotambuliwa kisheria. Ni mkopo wa heri kwa maksai au kundi la kuzalisha, ila ni deni la kweli ambalo kijana mwenyewe hulitia sahihi. Kwa mbuzi wawili au nguruwe mmoja, afadhali akiba ya nyumbani. Ulizeni pia kamisheni ya maonyesho, kiwango cha chini cha uzito kinachoruhusu kuuza, na idadi ya wanyama ambao mtoto mmoja anaweza kuwanadi, kwani mara nyingi ni mmoja au wawili tu. Mnyama aliyepungua ratili 2 siku ya mizani huweza kurudishwa nyumbani na gharama zake zote.

Tangu Juni 2023, viuavijasumu muhimu kwa tiba ya binadamu haviuzwi tena bila agizo la daktari wa mifugo, hata vile vilivyozoeleka kwenye rafu za maduka ya wafugaji. Kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuchinja, na mtoto anapaswa kuziandika kwenye daftari la mradi. Maonyesho mengi hudai cheti cha kila mwaka cha YQCA, yaani mafunzo ya vijana kuhusu utunzaji bora wa mifugo, na baadhi hupima mkojo wa washindi. Kuna yanayokataza kabisa ractopamine, dawa ya kuongeza misuli, ijapokuwa sheria ya nchi inairuhusu kwa nguruwe. Mzazi asikubali ushauri wa jirani kuhusu unga wa kuchanganya chakulani kabla hajasoma kanuni hizo.

Sasa niseme uamuzi wangu bila kuzunguka. Mtoto wa miaka 8 hadi 10, nyumba yenye uwanja mdogo: mbuzi wawili waliohasiwa, mnada wa nyongeza ukiwezekana. Mtoto wa miaka 11 na kuendelea mwenye nguvu za mikono: wanakondoo wawili. Familia isiyokatazwa na dini, inayotaka mradi mfupi wenye hesabu safi, na yenye feni na kivuli: nguruwe. Maksai abaki kwa mwenye jamaa au kiongozi wa klabu atakayempa zizi, na aanze mwaka wa tatu au wa nne wa uanachama. Kuhusu muda, usajili wa maksai katika majimbo mengi hufungwa majira ya baridi, wa wanyama wadogo hufungwa kati ya Aprili na Juni, nayo kaunti za Texas hufanya maonyesho yao kuanzia Januari, kwa hiyo kalenda yao hutangulia kwa miezi kadhaa.

Bei ya siku ya mnada huamuliwa zaidi na wanunuzi waliokuja kuliko na umbo la mnyama, ukiacha wale mabingwa wachache. Mtoto aandike barua kwa mkono wiki nne au tano kabla, aipeleke mwenyewe dukani, benki, karakana na kwa mwajiri wa mzazi wake, aeleze mnyama wake ni yupi, siku na saa ya mnada, na atakavyozitumia fedha. Wasioweza kununua mnyama mzima waelezwe kwamba kaunti nyingi hupokea mchango wa dola 25 au 50 unaoongezwa juu ya bei. Baada ya mnada, kila aliyenunua au kuchangia apelekewe barua ya shukrani. Katika maonyesho mengi hundi ya mtoto haitolewi hadi barua hiyo ikabidhiwe ofisini.